Aliyekaa Karibu na Mlango

Miaka ya tisini, kwenye Wizara ya Elimu hapa Maskati, nilipanga foleni nyuma ya bibi mwenye skuli ya binafsi mtaa wa Wadi Kabir. Alitaka kibali cha kuongeza watoto madarasani.

"Shikamoo Mwalimu," afisa alimwamkia. "Ulinisomesha Unguja." Kisha akafunika kalamu. "Lakini mwisho watoto ishirini na tano kila darasa."

"Nyinyi mlikuwa sitini, mmekaa chini, na leo umekalia kiti hicho."

"Nakumbuka. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Mwaka mzima hukuniita kwa jina."

Sisi wa foleni, tuliosoma Unguja hivyo hivyo na hadi leo tunazisifu skuli zile, tukatazama sakafu. Bibi akaikunja fomu yake taratibu.

"Jina lako nani, mwanangu?"