Mtani wa Kupanda Naye

Siku yangu ya kwanza mlimani nilipangiwa kubeba mayai. Wapagazi wenzangu walicheka, maana mzigo huo ni mwepesi kichwani lakini unamnyima mtu raha. Kiongozi mkuu, yaani mwenye dhamana ya msafara mzima, alinitazama nikijiwekea ngata, ile pete ya nguo inayokaliwa na mzigo, akasema, "Wewe Mmarangu, ukiyavunja, jioni utataga mwenyewe." Nikajua nimeshaajiriwa.

Njia ilianzia chini ya miti ya kafuri. Ninyi vijana wetu mliokulia huku ughaibuni, Louisville, Columbus na Buffalo, mmezoea miti ya kuegeshea gari. Ile ya kwetu ilipotelea juu ndani ya ukungu, imeota ndevu za kijani, na maji yalidondoka hata siku isiyo na mvua. Mtu alitembea kama yuko usingizini. Juu zaidi msitu uliisha, ikaja nchi ya mawe na mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi, kisha baridi tupu. Hadi leo, nikiwa ndani ya basi la hapa Louisville linalokwenda South End na macho yakianza kunielemea, huwa narudi kule.

Nilipanda cheo nikawa kiongozi msaidizi pamoja na Mshana, Mpare. Mimi ni Mchagga, kwa hiyo sisi ni watani: yeye kuniita mwizi na mimi kumwita bahili mpenda kesi ndiyo ilikuwa salamu yetu. Kiongozi mkuu alitufundisha kuutumia utani huo kazini. "Ugonjwa wa mwinuko humwingia mtu polepole," alisema, "naye huuficha ili asirudishwe. Usimuulize kama ni mzima. Mtanie. Asiporudisha utani, mshushe."

Ikaja safari ambayo mimi ndiye niliyetakiwa kuwafikisha wageni kileleni, nipimwe kama nafaa kuwa kiongozi kamili. Tulikuwa kwenye mawe ya juu nilipomwambia Mshana, "Leo hujauza ng'ombe uendeshe kesi ya kuku?"

"Asante," akajibu.

Kiongozi mkuu alikuwa amesikia pia. Hakuniamuru; aliuliza tu, "Nani anamjua zaidi?" Nikamwachia yeye wageni, nikamshika Mshana mkono, tukaanza kushuka. Kusema kweli kilele kile nilikitaka sana. Lakini nilimwogopea mwenzangu zaidi.

Nilimtania njia nzima. Nilimsema yeye, milima yao ya Upare na ubahili wa mashangazi zake. Alijikokota tu, miguu ikipishana. Tulipoingia kwenye ukungu wa miti mikubwa alisimama, akauegemea mmoja, akavuta pumzi ndefu.

"Mchagga," akasema taratibu, "mkoba wangu umeshauuza?"

Nilikaa chini kwenye matope nikalia, naye akanicheka.

Cheti cha uongozi nilikipata baadaye. Kazi niliifanya mpaka magoti yakakataa, ndipo binti yangu akanileta hapa Louisville. Mshana naye yuko Buffalo kwa mwanawe. Juzi mjukuu wangu Neema, anayesoma Columbus, alinipigia simu. Anakwenda na wanafunzi wenzake kwenye milima ya magharibi, kwenye ile miti minene ambayo mtu mmoja hawezi hata kuikumbatia. Alitaka kujua avae viatu gani.

"Nani atakutania huko juu?" nikamuuliza.

"Babu, wale wote ni wapole sana. Mimi hapa sina mtani."

Aliyasema hayo kawaida tu, lakini yaliniuma. Nikamtumia namba ya Nakiete, mjukuu wa Mshana anayeishi naye Buffalo. "Mpigie," nikasema, "umwambie ni bahili."

"Simjui, babu."

"Hata yeye hakujui. Mpigie."

Jumapili Mshana akanipigia, sauti yake ya uzee ikitetemeka.

"Mchagga, mjukuu wako amemtukana wangu kwenye simu. Hata sura hawajuani. Wamecheka mpaka nikatoka chumbani kutazama kuna nini." Kisha akaongeza, "Wanakwenda milimani wote wawili."