Pembe za Shuka na Mkanda Mweusi

Kazi yangu ni kushona viatu. Kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara wala pole, ni kuangushwa na mke wa kaka yangu. Kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi jioni, katika ukumbi ulio nyuma ya shule ya msingi, shemeji yangu hunishika kola na mkono wa koti, hunigeuza, na mimi hujikuta nimelala chali natazama mabati. Ni mwaka wa tisa sasa. Nina kilo tisini na mbili na sioni aibu. Anayeona aibu na aende akashikwe yeye.

Kazini kwake wanamwita Winchi. Ni dobi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka mabichi ya wodi nzima yakitoka kwenye mashine huwa mazito kama mtu aliyezimia, na mashine ya kukamulia, ambayo siku zake za ugonjwa ni nyingi kuliko za wagonjwa, ikigoma, basi ni mikono. Shuka ambalo wengine hulikamua wawili wawili, yeye hulikamua peke yake, kisha hulikung'uta mara moja likalia kama bunduki. Akikupa mkono wa salamu, ukiupata tena uhesabu vidole.

Na asidhani mtu kwamba nguvu hizo aliziokota. Alipokuwa na miaka thelathini na miwili mgongo wake uligoma, na muuguzi mmoja akamshauri atafute kazi nyepesi. Yeye akaona kazi nyepesi haipo, akaamua kuupa mgongo adabu. Ndipo alipoanza judo, na judo ikamletea mazoezi ya alfajiri. Kabla hajaenda kazini hutoka ua wa nyuma, na hapo pana bomba la chuma lenye debe la saruji kila upande. Saruji hiyo aliimimina kaka yangu mwenyewe, fundi umeme asiyejua kuchagua zawadi, siku ndoa yao ilipotimiza miaka kumi. Shemeji hujitwika bomba mabegani, akachuchumaa na kuinuka mara hamsini. Halafu hutupia taulo bichi juu ya boriti, akalishika ncha mbili na kujivuta mpaka kidevu kipite. Halafu pushapu. Kila zoezi analolimaliza hulichorea mstari wa chaki kwenye ukuta wa jiko. Jirani aliwahi kumuuliza kaka kama haogopi kulala nyumba moja na mwanamke wa namna ile. Kaka akasema, "Nilikuwa naogopa wezi. Sasa siogopi."

Tatizo lilikuwa moja tu, na mwalimu wetu alilipigia kelele miaka tisa mfululizo: "Usikamue, mama! Usikamue!"

Mwalimu ni mzee wa miaka sabini na moja, mpeleka barua mstaafu, mwembamba kama bahasha zake. Magoti yamekwisha, lakini ukimsukuma unajikuta umepita ulipodhani yupo. Judo, kwa asiyeijua, ni mieleka ya kushikana makoti, na siri yake si kumshinda mwenzako nguvu bali kuzipokea zake. Akikuvuta, unakwenda naye. Akikusukuma, unampisha. Shemeji alilijua hilo kichwani. Mikono yake haikuwa na habari. Mtu akimvuta, alivuta zaidi.

Mtihani wake wa kwanza wa mkanda mweusi aliukosa hivyo. Sehemu ya mwisho ya mtihani, mwenzako hukuvuta na kukusukuma anavyotaka, nawe umwangushe bila kumlazimisha. Mwenzake nilikuwa mimi. Nilimvuta, akanivuta, nikainuliwa juu kwa mabavu na kubwagwa kama gunia. Mtahini, mama mfupi mwenye miwani anayetumwa na chama cha judo, alivua miwani akaifuta. "Hii si judo," alisema. "Huku ni kupakia mizigo." Mimi nilikaa wiki nzima bila kuinua nyundo.

Mtihani wa pili ndio ninaotaka kuusema, na nitausema wote, maana nimechoka nao. Mwaka mmoja ulikuwa umepita. Tulisimama kwenye mkeka, nikaliona jasho linamtiririka shingoni na mdomo unatetemeka, mwanamke ninayemheshimu kuliko watu wote, na moyo wangu ukalainika. Alipogusa mguu wangu tu, nikaruka. Nilijiangusha mwenyewe, vizuri kabisa, kwa kishindo. Mtahini hakunitazama mara mbili. Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi, akampa mwalimu. Mwalimu aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha alinitazama mimi, si shemeji, akasema, "Bado."

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda wema, nikataka kwenda zangu, wema ukanifuata mpaka nyumbani. Maana shemeji alikaa akaipigia hesabu ile siku. Mara ya kwanza alitumia nguvu nyingi, wakamkatalia. Mara ya pili alitumia kidogo, nami nikaenda kama unyoya, wakamkatalia tena. Kwa hiyo, akasema, nguvu alizipunguza mno. Akaanza kuamka nusu saa mapema zaidi. Kaka akatumwa kuongeza saruji. Mistari ya chaki ikatoka ukuta wa jiko ikaingia ukuta wa choo. Bega lake la kulia likaanza kuuma, akawa analifunga kitambaa na kuendelea. Nami, fundi mwenye mdomo wa kubishana na kila mteja, nilimeza mate nikanyamaza miezi minane.

Kisha mwalimu akatwambia anahama. Binti yake aliye mbali alimwita akakae naye, na angeondoka mwisho wa mwezi uliofuata. Mwalimu mkuu wa shule, ambaye ukumbi ni wake, alikuwa na sharti moja: watoto hawaangushwi pale bila mtu mwenye mkanda mweusi kuwasimamia. Asipopatikana, ukumbi unageuka stoo ya madawati. Darasa la watoto ni la shemeji, kwa kila kitu isipokuwa karatasi. Watoto ishirini na wawili. Anawajua majina, anajua nani hulia kabla ya kuanguka na nani baada. Mtihani ulikuwa umebaki karibu mwezi mmoja, na mwingine usingekuwapo mpaka mwakani.

Siku chache baadaye nilimpelekea kazini jozi mbili za viatu vya mpira nilivyovitia soli. Nikamkuta anakunja mashuka na Mama Pasi, mwanamke mzee wa zamu yake ambaye amepiga pasi pale tangu pasi zikiwa za makaa. Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili, kila mmoja na pembe mbili. Chumba kile kina kelele, hivyo wana maneno mawili tu. Anayepokea hulivuta shuka na kusema, "Lete!" Mwenzake hujibu, "Naleta!" na kwenda na pembe zake mpaka vidole vyao vikutane. Asiyekwenda akivutwa, shuka huchanika.

Mama Pasi ana mkono mkali. Anavuta bila kuonya, mara kushoto, mara kulia, mara kabla hujajipanga. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu, nikatazama. Kila alipovuta, shemeji alikuwa ameshafika. Hakushindana. Hakuchelewa. Mikono ile ile iliyonitoa machozi ilikuwa laini kama ya mama anayebeba mtoto aliyelala.

"Shemeji," nikasema, "mbona Mama Pasi akikuvuta hukamui?"

"Nikamue nini? Hili limeshakauka."

"Na mimi kule ukumbini ni bichi?"

Mama Pasi alicheka mpaka akaachia pembe. Shemeji naye alianza kucheka, kisha akakoma. Aliitazama mikono yake. Akaziokota zile pembe mbili, akanipa. "Vuta," akasema. Nikavuta. Akaja. Nikavuta ghafla, kwa upande. Akaja. Kisha uso wake ukajikunja.

"Hapana," akasema. "Mara ya pili sikukamua, na wakanikatalia. Ulikwenda mwenyewe. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Maji yalinifika shingoni, na hapakuwa na pa kutokea isipokuwa kusema. "Sikwenda, shemeji. Nilijiangusha. Mtahini aliona. Mwalimu pia aliona."

Shemeji alilichukua shuka mikononi mwangu, akalikunja peke yake, mara mbili, mara nne, mara nane, akaliweka juu ya mengine na kulinyoosha kwa kiganja. Mama Pasi ghafla alikuwa na shughuli upande wa pili wa chumba.

"Miezi minane," akasema, "nabeba saruji na bega linawaka, kwa sababu yako."

"Nilikuonea huruma."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna. Nisamehe, shemeji."

"Msamaha utaupata kwenye mkeka. Siku hiyo utasimama. Utanivuta kama vile nimekuibia. Ukijiangusha tena, nitakuleta hapa hospitali mwenyewe, na shuka utakalolalia nitalifua mimi."

Sikuwahi kutishwa vizuri namna ile. Na hakuishia kwenye maneno. Kesho yake alfajiri alinigongea mlango, akanipeleka uani, akanitwika bomba la madebe. "Nataka uwe mgumu kuanguka," akasema. Wiki tatu nilichuchumaa na kuinuka na saruji ya kaka yangu shingoni, huku yeye amepunguza mizigo yake nusu, bega lipone, na ananihesabia kwa sauti ya mkuu wa gereza. Miguu iliniuma hadi nikawa nashona viatu nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa rahisi lakini kuinuka kulihitaji kamati. Jioni tulikwenda ukumbini, nikamvuta. Siku nyingine alikuja, siku nyingine alikamua. Mwalimu aliacha kupiga kelele. Alikaa kwenye benchi akisugua magoti yake, anatazama.

Siku ya mtihani alikuja mama yule yule wa miwani. Watoto wa darasa walikaa ukutani, wamekatazwa kushangilia na hawakutii. Sehemu mbili za mwanzo shemeji alizipita bila shida. Ya tatu ikafika. Tukashikana makoti.

"Vuta," akasema mtahini.

Nilivuta, na nikaisikia ile mikono ikinikaza. Alikuwa anakamua. Tulisimama pale kama mafahali wawili, sekunde, sekunde nyingine, na kwa jicho la pembeni nilimwona mtahini akiinua kalamu. Niseme ukweli: kisigino changu kilijiinua chenyewe. Kidogo tu. Kingetosha. Niliwaona wale watoto, nikayaona kichwani na madawati yatakayopangwa mpaka darini, na mwili wangu wote ukataka kumpa zawadi ile mara ya pili. Nikakirudisha kisigino chini. Nikapiga moyo konde, nikakusanya kilo tisini na mbili na wiki tatu za saruji, nikamvuta kama vile ameniibia.

Nikasikia sauti ndogo sana kwenye sikio langu. "Naleta."

Mikono yake ikawa myepesi. Nilivuta nikakosa cha kuvuta, kwa sababu alikuwa ameshafika, kifua kwa kifua, na mguu wake uko nyuma ya wangu. Nilikanyaga kutafuta sakafu, nikaikosa. Na hapo ndipo nguvu zake zilipokuja, zile za kuta mbili za chaki, wakati sikuwa tena na cha kuzipingia. Mabati yakapita. Mkeka ukanipiga mgongoni na pumzi yote ikanitoka.

Mtahini alikuja akainama, si kwa shemeji, kwangu. Miwani yake ilikuwa karibu na pua yangu.

"Wewe," akasema. "Umejiangusha?"

Nilitikisa kichwa. Hakuondoka. Akangoja mpaka pumzi irudi.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nimejishikilia mpaka kwa kucha za miguu."

Alinitazama kidogo zaidi. Kisha akanyooka, akaandika, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amefaulu. Mkanda mweusi." Watoto walipasuka kelele. Mwalimu aliinuka kwenye benchi kwa hatua zake tatu za maumivu, akatoa ufunguo wa ukumbi kwenye kamba yake, akauweka katika kiganja cha shemeji na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. Shemeji alikuwa analia wazi, hakujifuta. Watoto walimzunguka, kaka yangu alisimama mlangoni na kofia mkononi, na kila mtu alikuwa na neno la kumwambia.

Mimi nilikuwa bado nimelala. Hakuna aliyenikumbuka, na nilifurahi kulala pale kuliko nilivyowahi kufurahi nikiwa nimesimama. Kisha watoto wakapisha, na uso wake ukanijia juu, umelowa. Aliutia ufunguo mdomoni ili mikono iwe huru, akainama, akaninyooshea yote miwili.

"Lete," akasema kupitia meno.

"Naleta, shemeji," nikasema, nikampa mikono.