Jemutai Anatafuta Kichwa

Kama kuna kazi ya kumzeesha mtu kabla ya wakati wake, ni kutafuta kichwa cha kondoo Olenguruone. Si kwamba kondoo wa huko hawana vichwa. Wanavyo, tena wengine huvipinda upande mmoja na kuanza kuzunguka papo hapo, asubuhi hadi jioni, hawali, hawanywi, mpaka waanguke. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kizunguzungu, na ulikuwa umemaliza nusu ya kondoo wa mlima mzima.

Jemutai alifanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti wa magonjwa ya wanyama nje ya mji wa Nakuru. Yeye ndiye aliyepasua wanyama waliokufa na kutoa vipande ambavyo wakubwa wake walivitazama kwa hadubini. Barua ya ajira ilimwita fundi wa maabara. Kwao Olenguruone, alikozaliwa, kila mtu alimwita daktari. Mwaka wa kwanza alilikataa jina hilo, wa pili akachoka kukataa.

Mkuu wake, Daktari Hardeep, mzaliwa wa mtaa wa Milimani hapo mjini aliyewajua minyoo kuliko alivyowajua majirani zake, alikuwa na shaka yake. Huenda ni mnyoo anayefanya malengelenge ndani ya ubongo. Huenda pia ni ugonjwa wa kupe, maana huo nao huwazungusha wanyama vivyo hivyo, na dawa ya huu si dawa ya ule. Kilichotakiwa ni kichwa kibichi chenye ubongo wake. Lengelenge likipatikana, atalishwa mmoja wa mbwa wawili waliofugwa kituoni katika vibanda visafi, ambao tangu wazaliwe hawajaonja nyama mbichi. Mbwa huyo akitoa minyoo, ushahidi utakuwa umekamilika, na dawa itapelekwa mlimani. Mbwa hao walikuwa wakisubiri tangu mvua za masika. Walikula, wakalala, wakanenepa. Jemutai aliyewalisha kila asubuhi aliwaonea wivu.

Kichwa kimoja tu. Ungedhani ameomba figo ya chifu.

Tatizo ni kwamba Olenguruone mnyama hafi, anachinjwa. Kondoo aliyekufa mwenyewe ni mzoga, na mzoga hauliwi na mtu anayejiheshimu. Kwa hiyo kondoo akianza tu kupinda shingo, kisu kinanolewa na majirani wanaitwa. Nyama inaliwa yote isipokuwa kichwa. Kichwa kilichopotea njia, wazee walisema, kitampoteza na anayekila. Hicho hutupiwa mbwa, naye humaliza kazi kabla jivu halijapoa. Na kutoka Nakuru hadi kule juu, hasa mvua ikinyesha, si safari ya kuwahi mbwa.

"Daktari, karibu nyama!" Ndivyo alivyompokea mzee Kipketer, jirani wa mama yake, siku ya kwanza.

"Asante mzee. Kichwa iko wapi?"

"Kichwa gani?"

"Ya kondoo, mzee. Si ndiyo ulinipigia simu?"

"Aaa, hiyo mbwa imemaliza." Kipketer alimtazama kwa huruma ya kweli. "Lakini mguu iko. Si unaweza pima mguu?"

Jemutai alikwenda kusimama nyuma ya pikapu mpaka alipohisi anaweza kurudi bila kumtukana mtu wa umri wa baba yake.

Akabadilisha mbinu. Akaomba wampe kondoo akiwa hai, amchukue mwenyewe. Wenye kondoo wawili watatu walikubali, kumbe ofisi ndiyo mwiba. Mnyama hasafirishwi bila kibali, na kibali hakitolewi kwa mnyama mgonjwa. "Akiwa mzima mlete, tutaandika mara moja," karani alimwambia, na wala hakuwa anatania. Akaomba basi wamwekee kichwa tu, wakifiche mbwa asikione. Mama mmoja wa kuelekea Keringet, Mama Cate, akamsikia vizuri sana. Alimwekea kichwa, kwa upendo, juu ya dari ya jikoni penye moshi, kisiharibike. Jemutai alipokishika kilikuwa kikavu kama kigogo, na ubongo ndani yake umekauka ukabaki unga. Mama Cate alisimama pembeni akitabasamu, akingoja kushukuriwa. Akashukuriwa. Ungefanyaje?

Lakini aliyemuudhi kuliko wote alikuwa mama yake mzazi.

Chepkemei alikuwa mjane, na kondoo wake ndio waliokuwa maisha yake. Alianza kuwafuga na mumewe, akabaki nao mumewe alipofariki, na sasa walikuwa wakipungua mbele ya macho yake. Zizi ambalo kondoo wake walikuwa wakisukumana mlango ulipofunguliwa, sasa lilitoa kondoo wa kuhesabika kwa vidole. Mtu angetarajia kwamba yeye, kati ya watu wote, angengoja. Thubutu! Jemutai alifika siku moja akakuta ngozi imewambwa ukutani na Popi, mbwa wa mama yake, amelala mlangoni akilamba midomo.

"Mama, hata wewe?"

"Ulikuwa mbali. Ingekufa."

"Lakini si ingekufa tu, Mama! Ife! Mimi nataka ikufe!"

"Usiongee hivyo juu ya mnyama ya baba yako," Chepkemei alisema, akamkatia kipande cha ini. Jemutai alikila akiwa amenuna. Kilikuwa kitamu, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Kisha Daktari Hardeep akamwita ofisini, akavua miwani, na kumwambia asichotaka kusikia. Mwezi ukiisha bila kichwa, mradi unafungwa. Mbwa watapewa utafiti mwingine, gari litapelekwa kaunti nyingine yenye watu wanaosaidia. "Huwezi kumtibu mtu anayekula ushahidi wako," alisema. Jemutai alijua maana yake. Mradi ukiondoka hautarudi, na kondoo wa mama yake hawatafika Krismasi.

Siku chache baadaye, asubuhi, simu ikaita.

"Jemutai. Ile ya sikio nyeusi imeanza kuzunguka."

"Mama, sikiza. Usichinje. Nakuomba kwa jina la Mungu, usichinje, nakuja."

"Sawa."

"Umesema sawa ama unanituliza?"

"Kuja," mama akasema, akakata simu.

Alibeba kisanduku cha barafu, msumeno na dawa ya minyoo ya mbwa, akaondoka bila hata kunywa chai. Baada ya Keringet pikapu ilizama kwenye matope hadi kwenye ekseli. Vijana waliokuja kusukuma walikuwa na ushauri mwingi kuliko nguvu. "Mathe, weka reverse!" "Hapana, weka ya pili!" Jemutai, ambaye hakuwa mathe wala mama wa mtu yeyote, aliweka zote mbili kwa zamu huku akilaani matope, ofisi ya vibali, na hamu ya nyama ya watu wa kwao. Moyoni alishaona ngozi ukutani.

Alipoingia uani hakuamini macho yake. Majirani walikuwepo, ndiyo, na visu vyao, na moto ulikuwa umewashwa, kwa sababu habari za nyama hazihitaji simu. Lakini katikati ya ua kondoo wa sikio jeusi alikuwa bado anazunguka, polepole, shingo imepinda. Kando yake, juu ya kigoda, aliketi Chepkemei na rungu la marehemu mumewe mapajani.

"Amekataa kabisa," Kipketer alishtaki. "Tangu asubuhi. Hii nyama itaharibika, daktari!"

"Nimewaambia atakayemgusa atanigusa mimi kwanza," mama akasema. Jemutai alitaka kumkumbatia, lakini kwao watu hawakumbatiani mbele ya majirani, kwa hiyo alimwomba maji ya kunawa.

Kipketer alichinja, na haraka. Jemutai alikiweka kichwa juu ya gunia safi, akakata fuvu taratibu huku watu wote wamemwinamia mpaka akawafukuza kwa kiwiko. Lilikuwepo. Upande wa kushoto wa ubongo lilikuwa limejikunja lengelenge la ukubwa wa yai la kuku, jembamba, limejaa maji safi, na ndani ya ngozi yake vijidoa vyeupe vingi mithili ya chenga za mchele. Alilitoa kwa kijiko, akalitia chupani, chupa akaitia kwenye barafu, akafunga kifuniko. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu masika, akacheka kwa sauti.

"Ni nini hiyo?" mama yake akauliza.

Jemutai akawaeleza. Kila kidoa ni kichwa cha mnyoo. Mbwa akila ubongo huu, minyoo wanakua tumboni mwake. Kinyesi chake kinaacha mayai kwenye majani, kondoo anakula majani, mayai yanaanguliwa, vijinyoo vinapanda ubongoni, na kondoo anaanza kuzunguka. Kituoni watahakikisha kwa mbwa wao, lakini yeye hana shaka tena. Tiba si ngumu: mbwa wapewe dawa, na kichwa chochote kizikwe chini sana au kichomwe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kipketer akanong'ona. Kisha akaokota visu vyake na kuanza kusafisha mahali, kama mtu aliyesikia hotuba nzuri kanisani.

Chepkemei hakusogea. Alikuwa akimtazama Popi.

"Na zile zingine zote?" akauliza.

"Zipi, Mama?"

"Vichwa. Vya kondoo ya baba yako. Mimi ndio nilikuwa natupa." Aliinua mkono wake wa kulia akautazama. "Mimi ndio nimewamaliza."

Kwa miezi yote hiyo Jemutai alikuwa ameyaweka maneno tayari, makali, yaliyopangwa vizuri, ya siku itakayothibitika kwamba alisema kweli. Siku yenyewe ndiyo hii, naye akayaacha yote, akaanza kufuta msumeno.

Ndipo Kipketer, ambaye alikuwa amesikia kila neno, aliinua ile nusu ya fuvu iliyobaki juu ya gunia na, kwa mazoea ya mkono wa miaka sabini, akaitupa mlangoni.

"Mzee!" Jemutai alipiga kelele.

Popi alikwishaidaka. Lakini Chepkemei, mwanamke ambaye goti lilimzuia hata kwenda kisimani, alikuwa amefika. Alipiga magoti matopeni, akaingiza vidole vyote katikati ya meno ya mbwa, akavuta. Popi alinguruma. Mama akavuta tena, mpaka mfupa ukatoka na damu ya kidole chake juu yake. Hakumpiga mbwa. Alimpapasa kichwani mara moja, akainuka na kulifuata jembe.

Kipketer alitaka kumsaidia, akakataliwa. Jemutai akataka kumpokea jembe, akakataliwa pia. Aliwapa Popi na mbwa wa majirani dawa mmoja baada ya mwingine, akamfunga mama yake kidole kwa nguvu huku akigombezwa kwamba anamchelewesha, na mama akarudi kuchimba. Nyama ililiwa ikabaki mifupa. Shimo lilimfika mama magotini, kisha mapajani.

"Mama, imetosha sasa."

"Bado," Chepkemei alisema, akashusha jembe.