Mikaratusi ya Mkwe

Kwenye mkutano wa watumiaji wa maji pale Nyaramba nilikaa mbele kabisa, maana ukikaa nyuma umbea haukufikii. Afisa wa maji, mgeni kwetu, alitaka watu wa juu na wa chini ya mto wakae pamoja. Basi akamkalisha mwanamume mmoja wa juu ubavuni mwa mama mkwe wake wa chini!

Sisi Wakisii, mtu na mama mkwe wake huoneana haya. Hawakai karibu, wala hawabishani. Mwanamume aliruka kama aliyekalia siafu. Mama akajifunika uso kwa leso, akamgeukia afisa.

"Mwambie huyo baba, mikaratusi yake ya ukingoni inakunywa maji yote. Chemchemi yetu inakauka."

"Mama, si yuko hapo? Mwambie mwenyewe."

"Wewe mwambie tu."

Afisa akarudia kila neno. Mkwe akatazama viatu vyake.

"Mwambie mama nitaikata yote Jumatatu."

"Mwambie asante. Apande mianzi."

"Mwambie nitapanda."

Tulicheka mpaka chifu akavua miwani apanguse machozi. Ugomvi wa miaka uliisha kabla chai haijachemka, na Jumatatu nilisikia shoka kwa masikio yangu.

Ushauri wangu kwa kila mto: kabla ya kuchagua kamati, ulizeni nani wa juu ameoa binti wa chini. Kama huko juu kwenu kuna kapera mwenye mikaratusi, mleteni. Nina mjukuu hajaolewa, na sisi tunaishi chini kabisa.