Biira Hanyanyuki

Evas Biira ni binti wa pili, na jina lenyewe linasema hivyo, maana Wakonzo humwita mtoto kwa zamu aliyozaliwa. Yeye ndiye fundi wa kompyuta katika zahanati moja ya watu binafsi pale Bwera, mpakani. Kabatini mwake mna swichi tatu za mtandao wa kompyuta zilizofungwa kwa nyaya nyuma zikawa kitu kimoja: ukiiamuru moja, zote zimesikia. Alizibandikia majina ya mabinti wa Kikonzo, Masika wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu. Masika ndiye aliyeongoza.

Jumatatu umeme uliruka, Masika akafa. Biira akashika usukani papo hapo, na maabara haikujua hata kama kuna msiba. Evas alifurahi kwa sababu zake. Mama yake alipofariki, dada yake mkubwa alikuwa Kampala, na Evas ndiye aliyewalea wadogo miaka sita. Kutangulia kuzaliwa si kazi. Kazi ni kulea. Lakini dada aliporudi kudai kiti cha ukubwa, Evas alinyanyuka akampisha, na jambo hilo linamkaba mpaka leo.

Jumatano Nzanzu, msimamizi wa zahanati, akaleta swichi mpya kutoka Kasese. Naye ni kifungua mimba, na hakuna asiyeambiwa. Alikuwa amemwagiza fundi wa dukani aipe kabisa namba ya juu ya uongozi, ile inayoamua swichi ipi iongoze.

"Hii njo Masika. Washa, ingiza, arudie kiti yake. Mukubwa ni mukubwa."

"Hapana, mzee. Kichwa yake iko tupu. Ikiingia na ile namba itatawala zingine, zitazima, zikiwaka zitafuata utupu wake. Watu makumi ine wako ku laboratware wanangoya majibu."

"Ingiza. Ao funga vitu yako, uende kwenu Nyakiyumbu kulima."

Kana kwamba jembe ni tusi kwa mtu aliyesomeshwa nalo. Evas akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni.

"Nifukuze, mzee. Andika barua. Lakini hivi haiingie."

Nzanzu akaenda kuandika kweli. Evas hakumngoja. Aliiwasha swichi mpya mezani peke yake, akaishusha namba mpaka chini kabisa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akaizima, akaifunga nyaya kabatini, ndipo akaiwasha. Ikaamka, ikapokea mipangilio yote kwa Biira, na huko maabara kazi haikusimama hata dakika.

Nzanzu alirudi na barua mkononi, akakuta taa tatu za kijani.

"Nani anaongoza?"

"Biira."

"Na mukubwa?"

"Mukubwa tumemukaribisha. Amekuta kazi inaendelea, naye afanye."

Evas akanyoosha mkono apewe barua yake. Nzanzu alitazama benchi ambako wagonjwa walikuwa wakiitwa mmoja mmoja, kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Uko na kichwa nguvu, wewe."

"Nyumbani nilinyanyuka, mzee," Evas akasema. "Hapa sinyanyuki."