Mafuta ya Nazi kwenye Cherehani

Fundi Miraji wa Mkunazini alikuwa na cherehani saba za miguu ndani ya chumba kimoja, na kitanda chake mwenyewe kimebanwa pembeni. Moja aliinunua kwa Mgoa aliyekuwa akirudi kwao. Nyingine aliikuta imetupwa uani kwa watu, imeliwa na kutu hata gurudumu halizunguki, akakaa nayo miezi minne mpaka ikashona. Hakuziuza. Akiulizwa anaziweka za nini, husema mashine ikikosa mtu hufa. Lahaula! Na mtu akikosa mtu je? Hilo hakuulizwa, maana hapakuwa na wa kumuuliza. Mkewe alifariki mwaka 1944, mtoto hawakujaaliwa, na tangu hapo Miraji alikuwa akila ndani ya sufuria, hana wa kumpakulia.

Kazi aliijua barabara. Ulimi wake ndio uliokuwa mkali. Ukimpelekea cherehani iliyopinda sindano au iliyolegea mkanda, atakusema mpaka ujute kuzaliwa, kisha ataisafisha kwa mafuta ya taa na kuitia mafuta yake ya cherehani kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone moja moja, na utaiona inakwenda. Watu walimvumilia kwa sababu hiyo.

Mwaka 1953 akaja Bi Kazija, mjane wa Jang'ombe, ndio kwanza katoka eda. Nyuma yake alikuwapo Kificho, hamali, kabeba kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye kanga. Meza na miguu yake vilibaki nyumbani.

"Hodi, fundi. Imegoma hii, haisogei."

Miraji aliinusa tu. "Nani katia mafuta ya nazi humu? Cherehani si nywele, Bi!"

Mwingine angenuna. Bi Kazija alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui, na Miraji naye akajikuta anacheka. Sauti yake mwenyewe ilimshtua, maana hakuwa ameisikia siku nyingi.

Mafuta ya nazi yakishachanganyika na vumbi hunata vibaya. Chuma lazima kishinde kwenye mafuta ya taa toka asubuhi mpaka alasiri, na Jang'ombe kwenda na kurudi ni mwendo. Basi Bi Kazija akakaa barazani kungoja. Wakazungumza. Alimsimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma hata jirani wakagonga ukuta. Miraji akamsimulia habari za mkewe, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Mchana Bi Kazija akafunua sahani ya visheti, na siku hiyo fundi akala sahanini.

Baada ya miezi mitatu, Kificho huyo, na kanga ile ile. Mafuta ya nazi tena! "Nlisahau, fundi," Bi Kazija akasema, wala hakuonyesha kujuta. Miezi mingine mitatu, tena. Miraji humgombeza, humcheka, huisafisha, na jua likipinda huona uchungu kwamba kazi imekwisha. Akaanza kufagia baraza kila asubuhi, yeye ambaye alikuwa akipita juu ya maganda ya machungwa bila kuinama.

Alitaka kumwoa. Basi, nimesema, kwa kuwa yeye hakulisema. Alihesabu nani wa kumtuma apeleke posa, akakuta wote wamekufa. Na kubwa zaidi aliogopa: akikataliwa, Bi Kazija atakuja tena kwa sababu gani? Mwanamke wa heshima hashindi barazani kwa mwanamume asiye jamaa yake bila ya jambo, na jambo lao lilikuwa cherehani ile. Afadhali abaki hivi hivi, siku moja katika kila miezi mitatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nani wa kumwambia fundi?

Miaka mitatu ikapita hivyo. Siku moja Kificho ametua mzigo, Bi Kazija ameweka sahani yake, na mlango wa pili Shamsi muuza kofia amekaa na wenzake. Shamsi akapaza sauti, "Yakhe Miraji, cherehani hiyo ina maradhi gani hata haiponi? Au siku hizi fundi kazi imemshinda?"

Wakacheka wote. Miraji angeweza kujibu kwa mzaha, yakaisha. Lakini mguse popote, usimguse kazi yake. Damu ikampanda, akamgeukia asiye na kosa.

"Bi Kazija, mtu mzima hufundishwa mara ngapi? Mafuta ya nazi ni ya kichwani! Hii ya mwisho. Usiniletee tena mashine hii ukanivunjia jina mbele za watu."

Bi Kazija alijitanda buibui lake vizuri. "Nimesikia, fundi," akasema. Akamwashiria Kificho, kichwa kikafungwa tena kwenye kanga kama kilivyokuja, wakaondoka. Sahani ya visheti aliiacha pale pale, imefunikwa kawa.

Visheti Miraji alivila siku tatu, kimoja kimoja. Sahani akaiosha, akaiweka juu ya cherehani ya Mgoa. Miezi mitatu ikapita, Kificho hakuja na mzigo. Ikapita sita. Kwenda alitaka, na sababu ya kwenda anayo, sahani ya watu. Lakini sahani ya mtu hairudi tupu, kila mmoja kalelewa hivyo, na yeye atie nini? Kupika hajui cha kupelekea watu. Halua ya dukani itaonekana anajipendekeza. Matunda ataonekana bahili. Kila siku alikuwa na neno la kumzuia, mjinga yule, na nasema mjinga kwa kumhurumia. Nje aliendelea kufagia.

Ulipotimia mwaka na ushei ndipo alipopata la kutia. Aliweka juu ya sahani chupa mpya ya mafuta ya cherehani, akaifunika, akavaa kanzu ya Ijumaa, akaenda Jang'ombe kwa miguu. Njia nzima alikuwa akirudia maneno: Nisamehe, Bi Kazija, na pili nina jambo.

Alifungua mlango mwanamke mwengine, amefanana naye.

"Wewe ndiye Fundi Miraji?"

"Mie."

"Mie Wanu, mdogo wake. Umechelewa, kaka yangu. Dada kaolewa Nungwi, huu mwezi wa pili."

Miraji akabaki kasimama na sahani mkononi. Wanu akafunua kawa, akaiona chupa, akashika kifua. Akamkaribisha ukumbini ilipokuwa cherehani imekaa juu ya meza yake. Akavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na chupa tatu za mafuta ya cherehani, mojawapo nusu, na unyoya wa kuku uliofungwa kwenye kitambaa.

"Dada kashona miaka ishirini, fundi. Atakosaje kujua mafuta? Mara ya kwanza nilikosea mie. Zilizobaki akitia mwenyewe, akaiweka na jikoni ipate majivu. Nikamwambia, dada, utaiua! Akanambia, yule ataifufua."

Miraji akauokota ule unyoya.

"Ulipomkataza, akawa hana la kumleta. Akasema, sahani yangu iko kwake, ataileta. Kila Ijumaa alikuwa akipika, akikaa hapa. Mwaka mzima, fundi! Hata mtu wa Nungwi alipoleta posa, alimweka miezi miwili bila jibu." Wanu akampokea ile sahani na chupa yake. "Kaniachia neno. Ukija na sahani, nikupe cherehani."

Kificho akaitwa na gari lake la mkono. Miraji akalifuata kwa nyuma mpaka Mkunazini, mkono wake umeshika kanga iliyoifunika cherehani isianguke.

Sasa ana cherehani nane. Ya nane iko karibu na mlango, na kila Ijumaa huitia mafuta kwa unyoya wa Bi Kazija, akaikanyaga kidogo bila uzi, ikaenda bila kelele. Washoni wanaopita huipenda. Humuuliza kama anaiuza.

"Mbovu hiyo," husema Miraji. "Mwenyewe atakuja kuifuata."