Kumfuata Charo Durban

Nilitoka Kilifi Jumatatu asubuhi kwenda kumchukua shemeji yangu Charo, aliyekufa kazini Durban. Mlingoti wa mashua ya matanga ulianguka naye akiwa juu, akibadilisha kapi la kamba ya tanga. Mwajiri alisema tu kwamba Charo alikuwa mzembe, na huku mtaani uzembe ukageuka ulevi. Dada yangu Kadzo, mkewe, alinishika mkono kituoni. "Niletee mwili, kaka, na uniletee ukweli." Mimi ndiye niliyemfundisha Charo ufundi wa milingoti, kwa hiyo hakuna aliyebisha niende mimi.

Nairobi hadi Johannesburg nilikaa dirishani na sikuona kitu. Nilikuwa na hasira na huyo mwajiri, maneno ya kumtolea nimeshayapanga kichwani.

Durban, Jumanne adhuhuri. Alinipokea Didier, Mkongo aliyefanya kazi na Charo na kuishi naye chumba kimoja mtaa wa Umbilo. Hata begi sijaliweka chini, akaanza.

"Charo hakukunywaka hata bière moja, fundi. Eish, hawa watu iko waongo! Asubuhi ile tulikunywa chai tu, mi na yeye."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, tumewapata.

Jumatano saa tatu tulifika karakana, pale bandarini. Mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu, mlingoti umelazwa kando. Didier akanipa bamba la chuma, lile linalofungwa ubavuni mwa mashua kushika waya wa mlingoti. Lilikuwa limekatika vipande viwili. Upande wa nje uling'aa kama kijiko kipya. Nikaligeuza. Nyuma, pale palipobanwa na ubao, kutu ilikuwa imekula chuma na kufanya ufa zamani sana.

"Alilikagua kabla ya kupanda?"

"Alikagua vizuri, mbele yangu. Alipitisha kucha hivi, akasema iko bien, iko muzima. Mi nikamwambia tufungue bolti, tuangalie nyuma. Bamba ya mpya iko, inauzwa kwa maduka ya hapo Jacobs. Akasema non, fundi wake wa Kilifi alimufundisha hivi."

Didier alipoona uso wangu akalichukua bamba mikononi mwangu.

Nikakaa juu ya dumu. Kwetu chuma kipya ni shida kukipata, basi tunang'arisha cha zamani, tunapitisha ukucha, na usiponasa tunasema ni kizima. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi na mlingoti haujawahi kuniangukia. Ilikuwa bahati, mimi nikaiita ufundi. Mwajiri sikumtafuta tena.

Ijumaa nikarudi naye, yeye chini kwenye sanduku, mimi juu kwenye kiti. Njia nzima nilitafuta uongo mzuri. Ningeweza kusema ni mawimbi ya tagi, ile boti ya kuvuta meli, maana Didier aliniambia ilipita kweli asubuhi ile. Ningeweza pia kunyamaza, ulevi ubaki kwake. Maiti hajibu.

Jumamosi, mazishini, nikapewa nafasi ya kusema. Tangu siku ile nafungua kila bamba na kulitazama nyuma, mwenye mashua anune asinune, lakini somo hilo nimelinunua kwa uhai wa mume wa dada yangu.

"Charo hakuwa amelewa," nikasema. "Alikagua chuma kama nilivyomfundisha mimi, na nilimfundisha vibaya."

Watu wakainamisha vichwa. Kadzo akainuka, akaja mpaka mbele yangu. Hakuwa akilia.

"Asante kwa kulisafisha jina lake, kaka," akasema. "Sasa tupishe, tumzike."